Tupeane uzoefu: RAID ya diski nyingi inapotambaa

Mwenye Seva (Tudor)
Wadau, salaam. Nina seva ya Linux, diski 12 za TB 16, RAID 6 ya mdadm (programu ya Linux inayounganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, na mbili zikifa data inabaki), inahifadhi video. Kuandika kumeshuka hadi MB 40 kwa sekunde, na diski moja peke yake hupita 200. CPU imelala. Msiniambie ninunue kadi ya RAID, nipeni yaliyowakuta.

Fundi wa Kongowea
Usiguse mpangilio wowote kwanza. Washa `iostat -x 2`, nakili faili kubwa, kisha tazama w_await ya kila diski, yaani muda ambao andiko moja linangoja. Kwa mteja mmoja wa Nyali, zote zilikuwa kwenye milisekunde kumi hivi, moja inacheza juu ya 400. Hizi huandika kwa pamoja, kwa hivyo mzito mmoja huwangojesha wote, kama feri ya Likoni gari moja likizima mlangoni. smartctl, inayosoma afya ya diski, ikaonyesha sifa namba 199, makosa ya CRC (data kuharibika njiani kwenye waya), inapanda. Dmesg, kumbukumbu za kernel, ikasema kasi ya waya imeshuka kutoka Gb 6 hadi 1.5. Kuchomoa waya, meno yamekula kutu ya kijani. Chumba chatazama bahari na madirisha wazi, unategemea nini? Waya mpya, kasi ikarudi. Namba 199 hairudi sifuri, msishtuke, bora isiongezeke.

Picha za Harusi (Majengo)
Yetu ilikuwa inakuja Jumapili. Jumamosi harusi, asubuhi yake tunamwaga kadi za kamera, mashine haisogei. Wengine walishasema jini. Kumbe Debian hukagua RAID nzima Jumapili ya kwanza ya mwezi, na diski ya TB 16 kwa MB 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 30. Fungua `/proc/mdstat` utaona "check" imeandikwa. Tumeihamishia Jumatatu usiku na kupunguza speed_limit_max, kikomo cha kasi ya ukaguzi huo. Kuizima kabisa, hapana. Ndiyo inayogundua sekta mbovu mapema.

Dada wa Kizingo
Yakhe, diski zenyewe modeli gani? Mwaka 2020 ilifichuka kwamba baadhi ya zinazouzwa kwa kazi hii ni SMR, ambazo mistari yake ya data hupandiana kama vigae. Zinaandika vizuri mpaka kache ijae, kisha zinaporomoka. Hapo hakuna dawa ila kuzibadilisha.

Kama si SMR, pandisha stripe_cache_size, kache ya RAM ambayo mdadm hupangia maandiko. Inakuja na 256. Mimi huweka 8192, ambayo kwa diski 12 hula takriban MB 384 za RAM. Mashine ikizimwa inarudi 256, kwa hivyo iandike iwekwe kila inapowaka. Na hifadhidata usiiweke RAID 6: andiko dogo moja laweza kutaka kusoma mara tatu na kuandika mara tatu. Hiyo ni kazi ya RAID 10, inayoweka nakala kamili ya kila data kwenye diski nyingine.

Mwenye Seva (Tudor)
Ahsanteni. Await zote sawa, 199 zote sifuri, SMR hamna, ukaguzi hauendi. Lakini `hdparm -W` inasema kache ya kuandika imezimwa kwenye diski zote! Aliyekuwa hapa kabla yangu aliogopa stima ikikatika, kilicho kwenye kache kipotee.

Fundi wa Kongowea
Basi umempata mwizi. UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, unayo?

Mwenye Seva (Tudor)
Ipo, ila betri ni ya zamani. Naijaribu leo usiku ofisi ikifungwa, ikishika ndiyo niwashe kache. Namba nitazileta.