Fundi anasema serikali italipa hiti pampu yote, ni kweli au ndo napigwa?

MzeeWaLewiston:
Wakuu habari, huku Maine, Marekani, baridi haitaki kuisha, tenki la oili la besmenti nimeshalijaza mara tatu tangu Novemba, na nyumba yenyewe ya mbao ya zamani, ukikaa sebuleni karibu na dirisha upepo unausikia shingoni kabisa. Sasa juzi jioni kaja jamaa kagonga mlango, ana tableti, anasema kuna ribeti (punguzo) ya serikali nitafungiwa hiti pampu mbili, zile mashine za umeme za kupasha joto nyumba, bila kutoa hata senti, halafu kwenye kodi narudishiwa tena asilimia 30. Ila nisaini palepale na nitoe dola 500 ya kushika nafasi. Wife kasema ngoja kwanza uliza watu. Mnasemaje?

Binti_Kigamboni:
Bure ya dola 500 ndo ipi hiyo 😂 msikilize shemeji. Hiyo ya asilimia 30 ilikuwepo kweli, ile sheria ya Biden ya 2022, kwa hiti pampu ulikuwa unapata mpaka dola 2,000 kwa mwaka, lakini Trump kasaini sheria yake tarehe 4 Julai 2025 ikakatwa, mwisho ni vilivyofungwa kabla 2025 haijaisha. Na hata enzi hizo haikuwa hela ya mkononi, ilikuwa inapunguza kodi unayodaiwa, kama hudaiwi huoni kitu. Anayekuuzia hiyo leo ama hajui kazi yake ama anaijua sana.

fundi_baridi207:
Ribeti za jimbo zipo mkuu usikate tamaa, zinapitia Efficiency Maine, wale wa jimbo wanaoshughulikia kupunguza matumizi ya nishati, na hapa hiti pampu si jambo geni, walilenga 100,000 ifikapo 2025 wakafika 2023. Kiasi kinategemea kipato, mwenye kipato kidogo anapata zaidi. Angalia kama jina la fundi lipo kwenye orodha yao, halipo achana naye. Na chukua makadirio kwa mafundi hata watatu, bei zinapishana mno.

MamaTwins:
Karatasi za kipato zipite KWANZA ndo kazi ianze!! Mimi fundi wangu alinambia tutajaza baadaye, akatoboa ukuta akafunga, kuja kuomba naambiwa ulitakiwa uthibitishwe kabla, nikaishia kiwango cha chini kabisa na hela yote nimeshamlipa. Halafu kaka usianze na mashine, anza na dari na mianya, mashine kwenye nyumba inayovuja ni kupasha joto Lewiston nzima. Subiri siku ya upepo, washa kijiti cha udi pitisha taratibu kwenye madirisha na milango, moshi ukiyumba hapo ndo hela yako inapovujia.

Mpangaji_wa_Portland:
Kama kipato ni kidogo uliza pia Weatherization, mpango wa serikali kuu wa kuziba nyumba zinazovuja joto, ipo tangu 1976, wanakuja kupima nyumba na kuziba na kuweka insulesheni (vitu vya kuzuia joto lisitoke) bure, hata sisi wapangaji tunaruhusiwa mwenye nyumba akikubali. Foleni yake tu ndo uvumilivu.

MzeeWaLewiston:
Asanteni sana. Jamaa kapiga tena leo, ofa inaisha saa sita usiku eti, nikamuuliza jina la kampuni lilivyoandikwa kwenye orodha ya Efficiency Maine, simu ikakatika. Udi nimewasha, dirisha nililokuwa nalilaumu miaka yote moshi umesimama wima, kufika mlango wa besmenti umelala kabisa. Wife anacheka, anasema alishaniambia.