Naombeni ushauri: samaki wa chumvi na moshi kwa vitafunwa vya sendofu (Moshi)

Dada wa Kiboriloni:
Habari zenu wanajamvi. Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao, na mimi nimejitwika vitafunwa vya kupokelea wageni 120. Zamani nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Arusha. Mpishi pale alikuwa anafukia mnofu wa samoni kwenye chumvi na sukari, siku mbili ndani ya friji, kisha anaukata vipande vyembamba kama karatasi na kuvipanga juu ya mkate. Haupiti motoni kabisa. Ni pishi la watu wa Skandinavia, wanaliita gravlax.

Samoni kwa bei siiwezi, nikawaza sato au sangara wa Mwanza. Jumapili nilijaribu na kukausha kwa moshi: nimetoa minofu kwenye maji ya chumvi, moja kwa moja ndani ya pipa, chini nimewasha maranda ya seremala. Imetoka myeusi, michungu, na ndani laini kama uji. Nimekosea wapi? Na ile ya chumvi bila moto, sato anafaa? Nataka mdogo wangu apate kitu ambacho wageni hawajazoea kukiona.

Mama Pasua:
Hongera kwa mdogo wako, mwanangu. Sato mbichi wa chumvi usimpe mgeni. Samaki wa maji baridi anabeba minyoo, na chumvi ya siku mbili haitoshi kuiua. Kugandisha kunakotegemewa ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 mfululizo. Friza nyingi za nyumbani zinaishia kwenye 18, na umeme ukikatika usiku hujui samaki alifikia wapi. Tena barafu haiui bakteria. Kwenye sendofu kuna wajawazito, kuna bibi zetu. Pitisha motoni.

Fundi Moshi:
Dada, uchungu una sababu mbili. Kwanza maranda: ya msonobari yana utomvu, na mbao nyingine zimetiwa dawa. Achana nayo. Tafuta matawi makavu ya mibuni yaliyopogolewa, huku kwetu hayakosekani, au mwembe, au magunzi ya mahindi. Pili, uliingiza samaki mbichimbichi wa maji. Moshi ukikuta maji juu ya mnofu unageuka masizi.

Fanya hivi. Gramu 30 za chumvi kwa kila kilo ya mnofu, pima kwenye mizani, ongeza kijiko cha sukari, pakaa, laza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi suuza haraka, futa, panga kwenye wavu humohumo ndani ya friji bila kufunika kwa saa tatu au nne, mpaka juu pakauke na panate kidogo ukigusa. Hapo ndipo moshi unashika vizuri na kuleta ile rangi ya dhahabu. Anza na moto mdogo, kisha ongeza mpaka katikati ya mnofu pafike nyuzi 65, na pakae hapo nusu saa. Nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, macho yanadanganya.

Halafu pipa lako lilibeba nini kabla? Kama ni kemikali, lisitumike tena. Na wavu usiwe wa waya uliopakwa zinki.

Msukuma wa Kwamrombo:
Mimi nimekulia Mwanza, hatujawahi kupima chumvi kwa mizani na samaki walitoka safi. Ila nakubali, wale walikuwa wa kukausha kabisa na kupika mchuzi. Huyu wa kuliwa palepale, sikiliza hao. Chukua sangara, ana mafuta, hakakamai kama sato. Vibua navyo vinapenda moshi, lakini vikishinda juani vinatengeneza sumu ambayo hata moto hauiondoi, kwa hiyo kama hujui vimesafirije, viache.

Mama Pasua:
Kwa hesabu: vipande vitatu kwa mgeni, gramu 15 za samaki kila kimoja, unahitaji karibu kilo 5 na nusu iliyoiva. Moshi unapunguza uzito, nunua mnofu kilo 7 na nusu. Akiiva, apoe, arudi friji, na aliwe ndani ya siku tatu. Usimfunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ukamwacha mezani. Ukumbini asikae nje ya barafu zaidi ya saa mbili.

Dada wa Kiboriloni:
Shikamoo mama, na asanteni nyote. Mrejesho: jana nimejaribu kilo moja ya sangara kwa matawi ya mibuni kutoka shamba la baba. Rangi ya asali, nyama inachambuka, uchungu hakuna. Nimemchambua nikamchanganya na mtindi mzito, limao na kitunguu kilichokatwa ndogondogo, nikapakaa juu ya ndizi mshare za kukaanga. Mdogo wangu kala sita akiwa amesimama. Chumvi naona imezidi kidogo kwa sababu ndizi nazo nilizitia. Fundi, nikishuka gramu 25 kwa kilo kuna shida?

Fundi Moshi:
Hakuna shida, maadamu moto unafika 65 na samaki anakaa kwenye baridi. Ila ndizi ziache bila chumvi kwanza, uonje tena.