VAT kwenye vifaa vya sola nchini Kenya

Swali: Duka limenitoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya bei nzima ya paneli, chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti uchajishaji wa betri), nyaya na swichi za taa, vyote vikiwa vimejumlishwa kwenye risiti moja. Je, ni halali?

Jibu la kwanza: Msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa mwaka 2020, ukarejeshwa na Sheria ya Fedha ya 2021 kwa paneli, chaji kontrola, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa AC) na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Nyaya na swichi za kawaida hazikutajwa, kwa hiyo dai risiti inayotenganisha bei ya kila kifaa.

Jibu la pili: Hata hivyo, usitarajie nafuu kamili. Bidhaa iliyosamehewa si sawa na ya kiwango cha sifuri (inayotozwa VAT ya asilimia 0), kwani muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa hawezi kurejeshewa VAT aliyolipia gharama zake, naye huipachika kimyakimya kwenye bei.