Viza ya Schengen: hela wanakula, sababu hawasemi

Wakuu, nimekaa na hasira tangu jana, ngoja nizitemee hapa. Mods, msiunganishe uzi huu na zile za michongo ya Ulaya, sitafuti mchongo.

Ada ya maombi ya viza hii, ile moja ya kuingilia nchi 29 za Ulaya, ni yuro 90, walipandisha kutoka 80 Juni 2024. Laki mbili na ushee hiyo, na ukinyimwa hairudi. Haya, tuseme ni malipo ya kazi. Kazi gani? Nimerudishiwa pasi na fomu ya visanduku, kimoja kimetiwa alama: eti kuna mashaka kama nitatoka kwao kabla viza haijaisha. Basi! Mashaka wameyaona kwenye karatasi ipi, hawajaandika hata mstari.

Mimi naongoza watalii mlimani, naishi Moshi. Nina leseni, nina familia, nina kihamba (shamba la ukoo) Marangu alichoniachia mzee. Nilialikwa kwenye maonyesho ya utalii, wiki moja tu, barua ya mwaliko ipo. Niache msimu wa mlima, wageni wameshalipa, nikabebe maboksi kwenye baridi? Najua mtakuja na habari za wazamiaji. Wapo, sikatai. Ila mzamiaji gani anapeleka ratiba ya safari za wateja wake wa mwezi unaofuata?

Na kabla ya kunyimwa unakuwa umeshakamuliwa. Alama za vidole lazima uende mwenyewe Dar, zaidi ya kilomita 500 kwa basi, na gesti juu yako. Bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 unakata kabla hujajua utapewa au la. Sheria yao inasema jibu ni siku 15, wakitaka wanasogeza hadi 45. Langu wamelisogeza hadi maonyesho yamefunguliwa.

Halafu mgeni kutoka hukohuko anashuka uwanja wa ndege wa KIA, analipa dola 50, anagongewa viza palepale, jioni yuko hotelini anakula ndizi nyama. Kesho yake mimi ndiye nambebea uhai wake hadi kilele cha Uhuru. Mlimani naaminika, kwenye fomu siaminiki!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyeninyima ni ubalozi wa nchi moja, lakini rekodi inakaa kwenye VIS, mfumo wao wa kumbukumbu za viza, hadi miaka 5 na nchi zote 29 zinaisoma. Nikiomba kwingine naanza nikiwa na doa, na sijui hata nalisafishaje, maana kosa lenyewe sijaambiwa.

Fomu inasema naweza kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyoninyima. Kuna aliyewahi kukata akiwa huku Kilimanjaro au Arusha? Uliandika mwenyewe au uliweka wakili? Na kabla ya kuomba tena, ulibadilisha nini kwenye nyaraka? Wale wa "nina mtu ubalozini", pitieni mbali, PM zenu sifungui.