Vituo vya daladala kati ya Mikindani na Mtwara mjini: tuombe nini?

Mkazi wa Mikindani:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninaishi Mikindani na kufanya kazi mjini, umbali wa kilomita kama 10. Mtaa wetu una kikao hivi karibuni, na tumetakiwa kupeleka mapendekezo kuhusu usafiri. Wengi wanataka gari ziongezwe, lakini mimi naona shida iko kwingine: kituo kiko mbali na vichochoro watu wanakotokea, hakina kivuli, na jioni abiria wakipungua gari hugeuzia njiani. Juzi mama yangu mzazi, akitoka kliniki, alishushwa hivyo hivyo na mzigo wake, akamalizia safari kwa bajaji kwa nauli iliyozidi ile ya daladala mara kadhaa. Tuombe nini hasa, na tumwombe nani?

Mpimaji:
Ikumbukwe kwanza mji wetu ulivyozaliwa. Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya mpango wao wa kulima karanga kwa wingi, mpango ukavunjika mwaka 1951, na mji ukabaki umechorwa mpana kuliko watu wake. Ndiyo maana mitaa imeachana na mtembea kwa miguu huunguzwa na jua kwelikweli. Penye nyumba nyingi, kituo kila mita 400 au 500 kinatosha, yaani mwendo wa dakika tano au sita. Penye mashamba matupu si lazima. Msianze na ramani, anzeni na vijia vilivyochimbwa na nyayo, kwa sababu watu wameshaamua wenyewe wanapotaka kupandia. Kituo kikae baada ya njia panda, ili anayeshuka avuke nyuma ya gari, mahali dereva anayefuata anapoweza kumwona. Na tafadhali, mwembe usikatwe ili lijengwe banda la bati; nimeshaliona hilo, na abiria waliendelea kusimama palipokuwa na kivuli cha kale.

Dereva wa zamani:
Shikamooni wakubwa. Niliendesha Hiace miaka tisa, kwa hiyo nisije nikaonekana natetea. Leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hutaja mwanzo na mwisho wa ruti, na kukatisha ruti ni kosa. Andikeni namba ya gari, saa na mahali, kisha mpeleke malalamiko. Hata hivyo, faini peke yake haitoshi. Mwenye gari hudai hesabu ileile kila siku, na safari ya jioni ya kwenda Mikindani hurudi tupu, hivyo dereva anayefika mwisho wa ruti ndiye anayeumia mfukoni. Ombeni zamu: kila siku gari mbili zijulikane kuwa ndizo za mwisho, na siku hiyo zipewe nafasi ya kwanza kupakia asubuhi stendi. Madereva wataikubali, kwa kuwa mzigo utagawanywa.

Mama wa Likombe:
Niongeze jambo dogo kuhusu nani aombwe. Barabara ya Mikindani ni barabara kuu, kwa hiyo sehemu ya kusimamia gari pembeni ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Njia za ndani ya mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ruti ni ya LATRA. Barua moja kwa manispaa pekee itazunguka meza hadi msimu wa korosho uishe.

Mkazi wa Mikindani:
Nimeelewa, ahsanteni sana. Jumamosi nitakaa na mwenyekiti wa mtaa tuhesabu watu katika kila kijia, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Tatizo ni kwamba kijia chenye watu wengi kinatokea kwenye kona kali.

Mpimaji:
Konani hapana, hata wakija watu mia. Sogezeni kituo mbele hadi mahali gari inapoonekana kutoka mbali, kisha muombe njia ya miguu pembeni ya lami kuanzia kijia hicho hadi kituoni, pamoja na kivuko chenye matuta. Njia hiyo ya miguu iandikwe katika barua ileile ya kuomba kituo, kwani ikiachwa kwa baadaye watu watasimamisha gari palepale konani.