Tanga mjini: wapi nitapata chakula cha haraka karibu na hoteli? Niko na mama mwenye kisukari

Binti_Mgogo
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni.

Nipo Tanga kikazi tangu Jumapili, nitarudi Dodoma Jumamosi asubuhi. Nimekuja na bi mkubwa, ana miaka 68, maana nyumbani hakuna wa kubaki naye. Ana kisukari, anameza vidonge asubuhi na jioni. Tumefikia hoteli moja jirani na Uwanja wa Mkwakwani, jina naliweka kando. Chumba kisafi, wahudumu wana adabu. Shida ni jikoni kwao.

Jana nilitoka kazini kwa mapumziko ya saa moja, nikaagiza wali na samaki saa saba kamili. Saa nane kasorobo nauliza, naambiwa bado kidogo. Saa nane na nusu sahani haijaja na kazini wameshanipigia mara mbili. Namtazama mama, mtandio umelowa jasho kwenye paji la uso, na mkono ulioshika glasi unatetemeka mpaka maji yanamwagikia kitambaa cha meza. Nikachukua sukari ya chai iliyokuwa pale mezani nikamkorogea kwenye maji akanywa. Alitulia, lakini mimi usiku sikupata usingizi.

Naomba mnielekeze pa kula panapofikika kwa miguu au kwa bajaji ya karibu, chakula kiwe kimeshaiva, unaonyesha unachotaka unapakuliwa. Chipsi nimeziona kila kona, hizo hapana. Na jioni pia, yeye hula saa moja. Pilipili hajaizoea.

Barabara_ya_Tisa
Pole sana dada, na mpe mama shikamoo yangu.

Vuka uje huku Ngamiani. Mitaa yetu inaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili na kuendelea, kwa hiyo hupotei hata ukiwa mgeni, mwambie tu dereva wa bajaji namba. Mama lishe wako wengi, na wengi zaidi wanazunguka Soko la Mgandini kwa sababu wachuuzi na wapagazi lazima wale. Saa sita mchana sufuria zote ziko chini zimefunikwa: wali wa nazi, ugali, maharage, mchicha, samaki wa mchuzi na wa kukaanga. Unakaa, dakika tano unakula. Lakini usije saa nane na nusu, utakuta ukoko.

Namna ya kuchagua genge: mimi huangalia maji ya kunawa kwanza. Ukiona ndoo yenye koki, sabuni ipo, na beseni la vyombo limebadilishwa maji, kaa. Kisha tazama samaki. Hapa tuna soko la samaki pale Deep Sea, hakuna sababu ya kula samaki wa juzi. Mwombe akufunulie sufuria, hakuna atakayekasirika.

Chipukizi
Dada, kuna wauza chipsi kuku wengi tu mjini, dakika kumi umeshafungiwa. Mwambie apunguze mafuta.

Barabara_ya_Tisa
Mkuu, kasema mama ana kisukari na chipsi hataki. Tumsome kwanza.

Mla_Mbaazi
Bibie, hujasema asubuhi mnakula nini. Kama ni ule mkate mweupe na jemu wa hotelini, mama anaanza siku vibaya.

Amka saa kumi na mbili na nusu, toka mtaani, uliza mbaazi. Tanga asubuhi ni mbaazi za nazi. Zinalowekwa usiku, zinachemshwa mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole inapasuka, halafu zinatiwa tui jepesi na kitunguu, zinakaa motoni taratibu, na tui zito linaingia mwisho wakati moto umeshapunguzwa, ukikorogwa polepole lisikatike. Pilipili wengine huitia nzima bila kuipasua, inatoa harufu bila kuwasha. Mwambie anayepakua aiepuke, atakuelewa. Watu wanazila na maandazi, ila mama mtafutie chapati moja au muhogo wa kuchemsha. Ule mchuzi mzito unashika tumbo hadi mchana. Mimi nimekulia kwenye hizo mbaazi, mama yangu mzazi alikuwa anaziuza barazani, na hadi leo nikiwa safarini ndicho kitu cha kwanza ninachokikumbuka.

Sharubati na juisi ya miwa mpite mbali. Akitaka kitamu, mmenyee chungwa alile lenyewe. Machungwa ya Muheza yanafika hapa mabichi kwa rangi lakini ndani matamu, asiyaogope.

Nesi_wa_Zamu
Dada, ulichofanya kwa ile sukari ni sahihi. Jasho na kutetemeka ni dalili za sukari kushuka, na kwa anayetumia vidonge aina ya glibenklamidi, kuchelewa kula ndiko hasa kunakoishusha. Soma jina kwenye pakiti yake. Siku nyingine ikitokea: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, mpime kama una kipimo. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L), rudia. Akishatulia ale chakula kamili, asiishie kwenye sukari. Akishindwa kumeza au akilegea, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize Hospitali ya Bombo.

Kwenye sahani, wali au ugali usizidi ngumi yake, nusu ya sahani iwe mboga, halafu samaki. Bada, yaani ugali wa muhogo, atapenda lakini nayo ni wanga, kipimo ni kilekile. Tui la nazi lisiwe kila mlo.

Na hili ndilo kubwa: usiutegemee mlo wa mchana upatikane saa ileile ya kuula. Nunua hotipoti ndogo. Asubuhi ukienda kwenye mbaazi pakia na sehemu yake ya saa sita, mwachie chumbani. Ukirudi saa saba ukimkuta ameshakula, hata wewe unakula ukiwa na amani.

Pwani_Halisi
Jioni baada ya Magharibi majiko yanatoka nje yenyewe, fuata moshi. Samaki wa kuchoma, mishkaki, muhogo wa kuchoma, supu ya pweza. Mwambie mchomaji asimwagie pilipili na ukwaju, akuwekee kando. Usisubiri saa mbili, nenda na jua linapozama. Mkipata nafasi, pitieni bustani ya Jamhuri kabla giza halijaingia, mama akae apunge upepo akiangalia bandari na kisiwa cha Toten.

Binti_Mgogo
Wakuu, leo Alhamisi narudi kuwashukuru. Hotipoti nimenunua Mgandini jana hiyohiyo. Pakiti nimeisoma, ni glibenklamidi kweli, kumbe ndiyo maana.

Asubuhi tumekula mbaazi na nusu chapati kila mmoja. Mama alinusa kwanza, akasema nazi nyingi, kisha akafuta sahani kwa kipande cha mwisho. Mchana nimemkuta ameshakula, amelala, kipimo 7.2. Mimi nikaenda genge la barabara ya nane, wali, mchicha na changu, dakika kumi na mbili tangu kukaa hadi kunawa. Yule mama lishe nilipomweleza habari za bi mkubwa ameniambia kesho nije naye, atamchemshia samaki peke yake kwa ndimu na chumvi.

Swali moja: kesho nitoke saa saba kama kawaida?

Barabara_ya_Tisa
Hapana dada, kesho ni Ijumaa. Kuanzia saa sita na nusu wengi wanafunika sufuria waende kuswali, na wakirudi foleni ni ndefu. Ombeni ruhusa kazini mapema, mfike saa sita kamili. Au mpigie leo akuwekee.

Binti_Mgogo
Nimempigia. Kasema saa sita kasoro robo samaki atakuwa ameshaiva, na kiti cha mama kitakuwa upande wa kivuli.