Pesa za kupanda mafunjo zilipwe siku ya kupanda, au baada ya kuhesabu yaliyoshika?

Mleta mada, Kisumu

Wadau wa ziwa, salaam. Nina hoja na naomba tuijadili bila kuoneana haya.

Miradi ya kurudisha mimea ya asili kwenye ufuo wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, nimeiona ikienda kwa mtindo mmoja. Vijana wanaingia majini, mafunjo yanapandikizwa, picha zinapigwa, ripoti inataja idadi ya miche, malipo yanatoka. Baada ya hapo harudi mtu kuangalia kilichobaki. Tumezoea kuhesabu kinachopandwa. Nchi nzima ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila hafla ya kupanda inatangaza idadi yake. Idadi ya iliyo hai mwaka wa pili ni nadra kutangazwa.

Msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya fedha izuiliwe mpaka mimea ihesabiwe ikiwa hai, kila msimu, kwa miaka mitatu. Na wanaohesabu wawe watu wanaoishi na ufuo huo, asiwe mwanakandarasi aliyepanda.

Mafunjo yana kazi, ndiyo maana nakaza. Mizizi yake inashika matope yanayoletwa na mito ya Nyando na Sondu, na inanyonya mbolea ambayo ingelilisha gugumaji. Ndani ya kinamasi hewa kwenye maji ni haba, sangara hapawezi, kwa hiyo samaki wadogo wanapata pa kujificha. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, karibu watoweke kabisa kwenye ziwa kubwa, lakini kwenye ziwa dogo la Kanyaboli bado wapo kwa sababu kinamasi cha Yala kimewakinga. Na pale Dunga, kinamasi cha hapa Kisumu, kuna yule ndege wa kifua chekundu na utosi wa njano ambaye maisha yake yote ni ndani ya mafunjo. Yakiisha, hana pa kuhamia.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Huwezi kusimama ukingoni ukanyoosha kidole. Mafunjo huota kutoka kwenye shina nene linalolala ndani ya matope. Unaweza kukuta mche una kichwa cha kijani kizuri, ukiuvuta unakuja mzima mkononi: shina limeoza, ulikuwa unaelea tu umebanwa na gugumaji. Mwingine mabua yote yamekauka, lakini ukipapasa chini kidole kinagusa chipukizi kigumu chenye ncha, kimefungwa magamba ya kahawia, kinapanda. Wa kwanza umekufa, wa pili u hai. Anayepita kwa boti ataandika kinyume chake.

Kwa hiyo napendekeza fremu ya mbao ya mita moja kwa moja, iwekwe mahali pale pale penye kigingi, machipukizi yahesabiwe kwa mkono, kina cha maji kipimwe kwa ufito, na picha ipigwe kutoka sehemu ile ile, mwezi ule ule. Karibuni mnipinge.

Mfumaji wa mikeka, Dunga

Mwanangu, umesema vizuri lakini sisi umeturuka. Hapa akina mama wanasomesha watoto kwa mafunjo hayo. Mikeka, vikapu, viti, vyote vinatoka humo. Mtu akija na daftari la kuhesabu, mimi nasikia kufungiwa. Huanza na daftari, ikaja kamba, mwisho askari.

Halafu tuseme ukweli kuhusu kinachoua mafunjo. Panga letu likikata kwa zamu na sehemu iliyokatwa ikaachwa ipumzike, yanarudi yenyewe, hayahitaji mradi. Yanayoua ni moto wa kiangazi, na vifusi vinavyomwagwa usiku ili kinamasi kigeuke kiwanja. Malori hayo mbona hayahesabiwi? Pesa za kupanda zingetumika kuyazuia tusingehitaji miche.

Na swali la tumbo. Ukizuia malipo miaka mitatu, nani ataingia kwenye maji yenye kichocho na kiboko, arudi nyumbani mikono mitupu? Atakayeweza kungoja ni tajiri, na tajiri hapandi mafunjo.

Mvuvi, Homa Bay

Naongeza moja tu. Ziwa halitii mkataba. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia nyumba za watu, mabanda ya samaki yakazama. Miche michanga ingestahimili vipi? Na hata mwaka wa kawaida, upepo wa alasiri ukilisukuma gugumaji ufuoni, lile lundo linalala juu ya kila kilichochipuka. Kikundi kitanyimwa haki yake kwa kosa la upepo?

Mkazi wa Naivasha

Nimefuatilia kutoka kaunti ya Nakuru. Kwetu mafunjo yaliwahi kulizunguka ziwa, leo ni vipande. Maji yakishuka, ukanda wa mafunjo unabaki nchi kavu, ng'ombe na nyati wanaingia, wanatafuna machipukizi na kukanyaga mashina. Chini ya maji nako kulikuwa na mambo yake. Wale kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, walioingizwa 1970, walikula mimea iliyozama, na yungiyungi wa buluu akapungua sana.

Ninachosema ni kwamba hesabu ya walio hai na waliokufa haitoshi. Daftari liwe na safu ya tatu: kilichoua. Kwato zinaacha alama, moto unaacha mkaa, panga linaacha kisiki kilichonyooka. Bila safu hiyo mtapanda tena pale pale na ng'ombe watakula tena pale pale.

Mleta mada

Ahsanteni. Mama wa Dunga nianze na wewe, kwa heshima.

Ujira wa siku usizuiliwe hata kwa saa moja. Aliyeingia majini asubuhi alipwe jioni, na apewe viatu vya mpira. Ninachotaka kizuiliwe ni fungu la yule anayesimamia mradi, anayeandika pendekezo na kusaini ripoti. Huyo ndiye anayechagua mahali, mwezi na miche, basi matokeo yamhusu. Leo hata ufuo wote ukifa, yeye ameshafunga faili.

Na wahesabuji niliowaza ni ninyi. Mfumaji anajua shina hai kwa kugusa tu. Kanuni za ukataji pia muandike ninyi, kwa sababu zamu mnayoieleza, kata hapa, acha pale, hiyo tayari ni usimamizi, ila haipo kwenye karatasi yoyote. Kwenye kila ufuo wa kupakulia samaki kuna BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, na kazi ya kuandika samaki wanaopakuliwa si ngeni kwao. Kuongeza ukurasa wa mafunjo haihitaji ofisi mpya.

Mzee wa Homa Bay, kuhusu maji kupanda, dawa ipo. Kila mnapopima mafunjo yaliyopandwa, pimeni pia ya asili yaliyo karibu, kina kile kile. Yote mawili yakifa, ni ziwa, kikundi kisidaiwe. Ya asili yakisimama na ya kupandwa yakafa, hapo kuna maswali ya kumwuliza aliyepanda. Bila ulinganisho huo, mwaka wa mafuriko kila mzembe atasingizia mvua na kila mwaminifu atashukiwa. Kwangu hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, na ndicho ambacho sijaona mradi ukikifanya.

Ndugu wa Naivasha, safu ya kilichoua naipokea kama ilivyo. Inajibu hata suala la malori. Tangu 2009 tuna kanuni za kitaifa za ardhioevu, kingo za mito na fuo za maziwa. Mwananchi akipeleka malalamiko NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, mikono mitupu ataambiwa alete ushahidi. Akipeleka picha za kigingi kile kile, msimu hadi msimu, na vifusi vikionekana kusogea, mazungumzo yanakuwa mengine.

Mfumaji wa mikeka, Dunga

Kuhusu ujira tumeelewana. Kuhusu daftari, bado nina masharti. Likae kwenye banda letu, ofisi ije kunakili. Likianza kukaa ofisini, msinitafute. Na siku ya kuhesabu ni siku sijafuma. Nani ananilipa hiyo? Msitwambie ni kujitolea, kwa sababu mwenye gari na posho anayekuja kutuangalia tukihesabu yeye hajitolei.

Mleta mada

Ulipwe, na fungu hilo litengwe kabla mche wa kwanza haujaingia majini, kwa misimu yote ya miaka mitatu, liandikwe kwenye mkataba kwa jina la kazi na kiwango cha siku. Kama bajeti haitoshi kupanda na kuhesabu, basi ipandwe nusu ya ufuo na ihesabiwe yote.

Aliyewahi kushika mkataba wa mradi wenye kifungu cha malipo ya wahesabuji, kutoka Busia, Siaya au popote, aulete hapa tuusome. Mimi bado sijauona.